Usiuamini Mwamba kwa Ugumu Wake

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo ikishakamilika hakuna atakayeiona tena: kuchoronga mashimo marefu ya msingi ndani ya mwamba wa chokaa. Wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja wanaijua sauti yake. Mtambo mkubwa unaletwa nyuma ya uzio wa mabati, asubuhi unaanza kunguruma, madirisha ya majirani yanatetemeka, na baada ya wiki kadhaa unaondoka. Ghorofa linaanza kupanda. Siku ya uzinduzi watu watasifia vigae, lifti na upepo wa baharini, na ya chini hayatajwi.

Mimi nataka tukae huko huko chini kwa dakika hizi chache, kwa sababu kuna dhana imezagaa katika miji yetu ya pwani ambayo inanitia hofu. Watu wanaamini kwamba keekee ikishagonga jiwe gumu, kazi imekwisha: mwaga zege, jenga. Nimeisikia kwa wenye viwanja, nimeisikia kwa madalali, na cha kusikitisha zaidi, nimeisikia kwa mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi.

Naelewa inakotoka. Jiwe la chokaa lililokomaa ni gumu kweli. Ukilibana kwenye mashine ya maabara, linaweza kustahimili mzigo mara tatu au nne ya ule unaolipasua zege la kawaida la nyumba zetu. Mtu akishaona meno ya chuma yanatoa cheche na moshi juu ya jiwe la namna hiyo, ni vigumu kumwambia kwamba bado hajafika mahali salama. Lakini chokaa ina tabia ambayo mawe mengine magumu, kama matale, hayana. Inayeyuka. Mvua inaponyesha hubeba hewa ya kaboni kutoka angani, na ikipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hubeba zaidi, hadi maji yale yanakuwa na ukali kidogo wa asidi. Huo ukali hauwezi kumdhuru mtu anayeyanywa. Kwa jiwe la chokaa unatosha. Maji yanaingia kwenye nyufa nyembamba, yanazilamba kuta zake, yanazipanua, na kwa muda wa maelfu ya miaka ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Juu jiwe linabaki gumu vile vile, kama jino lililooza kwa ndani.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabuni aende Tanga akayaone mapango ya Amboni. Yale ni maji yaliyochonga chokaa ya kale sana, ya enzi ambazo wanajiolojia huziita za Jurasiki. Au aende Mangapwani, Unguja, ateremke kwenye pango la matumbawe lenye maji baridi ndani yake. Au Shimoni, kusini mwa Mombasa, mji ambao jina lake lenyewe linatangaza kilicho chini yake. Mwamba wa mwambao wetu, sehemu kubwa, ni matumbawe ya zamani yaliyokua chini ya bahari wakati maji yalipokuwa juu kuliko sasa, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha bahari ikarudi nyuma ikayaacha nchi kavu. Mababu waliyakata wakajenga misikiti ya Kilwa na nyumba za Lamu, wakachimba ndani yake visima vya Gede kwa mikono. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, handaki lake walilichonga katika mwamba huo huo. Na saruji yetu imetoka humo humo, Bamburi na Wazo Hill. Hakuna watu wenye haki zaidi ya kulijua jiwe hili kuliko sisi.

Sasa tuingie kwenye eneo la kazi. Mtambo wa kuchoronga una mnara mrefu, na ndani yake kuna fimbo nene ya chuma inayorefuka kwa kujichomoa, bomba ndani ya bomba. Mwisho wa fimbo hufungwa kifaa kulingana na kinachochimbwa. Kwenye mchanga na udongo ni keekee pana yenye mapanga ya kuzunguka, na hapo mtambo unakula mita baada ya mita. Ikifika kwenye mwamba, keekee ile inatolewa, linafungwa pipa zito la chuma ambalo ukingo wake wa chini umepangwa meno ya tungsteni. Pipa linazunguka polepole kwa uzito mkubwa, linakata duara kwenye jiwe, na katikati linabaki gogo la jiwe ambalo huvunjwa na kupandishwa juu. Katika chokaa ngumu saa nzima ya kazi inaweza kuishia kwenye sentimita chache, na meno yanabadilishwa mara kwa mara. Kila saa hiyo inalipiwa mafuta, mtambo na watu. Hapo ndipo vishawishi vya kuacha mapema vinapoanzia.

Lakini msimamizi mzuri wa shimo hasimami tu kuhesabu mita. Anatazama. Kila pipa linalopanda lina habari. Jiwe jeupe kavu lenye kingo kali ni habari njema. Jiwe lenye madoa ya kutu na utelezi wa udongo mwekundu linasema kuna ufa, na ufa una maji yanayotembea. Anasikiliza pia: mtambo uliokuwa ukilalamika kwa dakika arobaini ukinyamaza ghafla na fimbo ikashuka nusu mita bila kusukumwa, hapo umetoboa dari la pango. Na kama shimo limejazwa tope la bentonaiti ili kuta zisiporomoke, anakazia macho kimo cha tope. Likishuka kwa kasi, kuna mahali linakimbilia. Yote hayo yanapaswa kuandikwa kwenye daftari pale pale, pamoja na kina na saa. Daftari linalojazwa jioni ofisini kwa kumbukumbu halina thamani ya karatasi yake.

Kuna ishara nyingine inayokuja ikiwa imechelewa, wakati wa kumwaga zege. Shimo la kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 20 linahitaji takriban mita za ujazo 23 za zege, tuseme malori manne. Lori la nne likiisha shimo linapaswa kuwa limejaa. Sasa chukua siku ambayo lori la saba linamwaga na kimo hakipandi. Watu wanatazamana. Zege linakwenda chini ya kiwanja cha jirani, kwenye uwazi ambao hakuna aliyejua kwamba upo, na bei ya kutojua inasomwa kwenye risiti za saruji. Na hiyo ni nafuu, kwa sababu uwazi umejaa. Uwazi wa kuogopwa ni ule uliobaki mita moja chini ya kitako cha nguzo, haukutobolewa, haukujazwa, na juu yake kuna ubao wa jiwe gumu uliomfurahisha kila mtu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2004, katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, Marekani, walikuwa wakijenga barabara ya juu kwa juu ya Lee Roy Selmon. Njia ilikaa juu ya safu ya nguzo, na kila nguzo ilisimama juu ya shimo moja tu la msingi, lililochorongwa na kujazwa zege. Florida karibu yote imekalia chokaa. Siku moja, wakati mtambo wa kuunganisha vipande vya daraja ukiwa kazini, nguzo moja ilizama zaidi ya mita 3 ardhini. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Walipozikagua nguzo nyingine, nyingi zikaonekana haziaminiki kubeba mzigo ziliopangiwa, ikabidi zichimbiwe nguzo za ziada pembeni na kuimarishwa. Gharama ya marekebisho ilifika makumi ya mamilioni ya dola, na barabara ikafunguliwa mwaka 2006.

Hawa hawakuwa watu wasio na mitambo wala wahandisi. Mwamba wa Tampa unabadilika ndani ya hatua chache: hapa jiwe liko karibu, pale pembeni liko mbali, na katikati kuna udongo laini uliojaza bonde la zamani. Ukishakuwa na nguzo moja tu kwenye kila kituo, hakuna ndugu wa kumsaidia atakayeshindwa. Katika ardhi ya namna hiyo, tundu la uchunguzi lililochorongwa mita 20 kutoka hapo haliwezi kutoa ushahidi wa mahali hapa.

Na barani kwetu kuna jambo zito zaidi. Magharibi ya Johannesburg, migodi ya dhahabu ya eneo la Carletonville iko chini ya tabaka nene la dolomiti, jiwe ambalo ni ndugu wa chokaa na linayeyuka kwa namna ile ile. Ili dhahabu ichimbwe, maji yaliyokuwa yamejaa ndani ya dolomiti yalipigwa pampu na kutolewa. Maji yale yalikuwa yakiushikilia udongo wa juu usiporomokee kwenye mapango. Yalipoondoka, udongo ukaanza kumomonyoka taratibu kutoka chini kwenda juu, bila dalili kubwa kwenye uso wa ardhi. Tarehe 12 Desemba 1962, jengo la mtambo wa kusagia mawe katika mgodi wa West Driefontein lilimezwa na ardhi. Watu 29 walikwenda nalo. Leo Afrika Kusini ina kanuni za kitaifa mahususi kwa ujenzi juu ya ardhi ya dolomiti: nani apime, kwa kina gani, na mabomba ya maji yalazwe vipi yasivuje. Kanuni hizo zimeandikwa juu ya makaburi, na naziheshimu kwa sababu hiyo.

Zingatia hapo suala la mabomba. Mijini kwetu, bomba la maji linalovuja chini ya ardhi linahesabiwa hasara ya maji tu. Kwenye chokaa ni zaidi ya hapo. Maji yanayovuja mfululizo yanauosha mchanga na kuuteremsha kwenye matundu ya matumbawe, na visima vinavyovutwa kupita kiasi vinashusha maji ya chini. Mashimo ya maji taka, ambayo katika mitaa ya zamani ya pwani yamechongwa ndani ya matumbawe nyumba baada ya nyumba, nayo ni uwazi uliosahaulika. Mwenye kununua kiwanja mji wa kale ili abomoe na kupandisha ghorofa kumi hana ramani ya mashimo hayo. Wazee waliokuwa wakijua yalipo wengi wamekwishatangulia.

Sitaki msikilizaji adhani kwamba chokaa haijengeki. Majengo mazito mno yamesimama juu yake na karibu yake. Kuala Lumpur, Malaysia, ni mji uliokaa kwenye chokaa yenye mapango na vilele vikali vilivyozikwa udongoni. Machimbo ya bati ya bonde la Klang yalikuwa yameviweka wazi tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipanga kuijenga minara pacha ya Petronas kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Kabla ya kujenga wakachoronga kuchunguza. Wakagundua kwamba mahali palipochorwa minara pamekaa ukingoni mwa jabali lililozikwa: upande mmoja chokaa iliyoliwa na maji, upande wa pili mwamba laini unaoteremka kina kirefu. Jengo lingekaa mguu mmoja juu ya kitu kigumu na mguu wa pili juu ya kitu kinachobonyea, na mnara wa mita 452 hauvumilii hilo.

Walichofanya, mimi nakihesabu kuwa uamuzi bora kuliko yote katika mradi ule, kuliko hata lile daraja la angani linalopigwa picha na kila mtalii. Waliihamisha minara. Michoro ikasogezwa takriban mita 60, ili majengo yote mawili yakae juu ya aina moja ya ardhi, ule mwamba laini, mbali na ukingo. Kisha nguzo za msingi zikachimbwa chini ya kila mnara, nyingine kupita mita 100, zibebe mzigo kwa kung'ang'ania udongo kwa ubavu wake wote. Juu yake likamwagwa zege la mita za ujazo 13,200 kwa kila mnara, kwa saa 54 bila kukatizwa. Minara ilizinduliwa rasmi mwaka 1999 na imesimama wima hadi leo. Hebu fikiria mwenye mradi anaambiwa asogeze jengo lake kwa sababu ya matundu ya kuchunguza ardhi, naye anakubali. Huo ndio uungwana wa kazi.

Kwa upande mwingine, hata mwamba ukiwa mzuri, mkono wa binadamu unaweza kuuharibu. Chicago, miaka ya 1960, jengo la John Hancock lilikuwa limefika ghorofa ya 20 hivi lilipoonekana linatitia kama vile tayari limebeba ghorofa zake zote 100. Nguzo zake zilishuka hadi kwenye mwamba, moja ikifika mita 58. Tatizo lilikuwa kwenye umwagaji wa zege, na ujenzi ukasimama hadi kasoro iliporekebishwa. Kwa hiyo hata baada ya kulipata jiwe, kitako cha shimo kisafishwe matope na vumbi la jiwe, zege limwagwe kwa bomba lijaze shimo kutoka chini kwenda juu, na mabomba ya chuma ya kuzuia kuta yatolewe kwa utaratibu, zege likiwa bado bichi. Ukiacha sentimita kumi za matope chini ya nguzo, umelipia mwamba ukajenga juu ya matope.

Turudi pwani yetu. Ninachokidai hakihitaji teknolojia ngeni. Kabla ya nguzo kumwagwa zege, pachorongwe tundu jembamba katikati ya kitako chake, lishuke mita kadhaa zaidi, lisipungue mara mbili ya kipenyo cha nguzo yenyewe. Nguzo ya mita 1.2 itakuwa imechunguzwa angalau mita 2.4 chini yake. Tundu likikuta jiwe tupu, mwaga zege kwa amani. Likidondokea kwenye uwazi, lijazwe uji wa saruji kwa shinikizo, au shimo literemshwe zaidi, mhandisi ataamua. Kazi hiyo ni ya saa chache kwa kila nguzo. Na ifanyike kwenye kila nguzo, kwa sababu katika matumbawe nguzo ya jirani haiwezi kumtolea mwenzake ushahidi. Tampa wamekwisha kulipia somo hilo.

Najua jibu la mwenye mradi: fedha. Mkandarasi naye ana hesabu zake. Akilipwa kwa mita, mwamba mgumu unamchelewesha. Akilipwa bei moja kwa kazi yote, kila mita ya ziada inatoka mfukoni mwake. Katika hali zote mbili kuna faida ya kutamka mapema kwamba mwamba umefikiwa, hata kama kilichoguswa ni jabali moja lililolala udongoni au ubao mwembamba wa chokaa juu ya pango. Kumlaumu mkandarasi peke yake ni kujidanganya. Mkataba ndio unaomfundisha aseme nini. Mikataba yetu iweke fungu mbali la matundu ya uchunguzi, lilipwe kwa idadi ya matundu yaliyochorongwa, lisiguswe kwa kazi nyingine, na anayeyasoma majibu awe mhandisi asiyelipwa na mkandarasi. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi zinaweza kulitaka hilo kesho asubuhi kwa kila jengo la ghorofa litakalokaa juu ya matumbawe. Na matokeo yahifadhiwe. Kila mradi unaochunguza ardhi ya Mombasa au Dar es Salaam unaandika ripoti, ripoti inafungiwa kabatini, na jirani anaanza upya bila kujua chochote. Manispaa ikizikusanya kwa miaka kumi itakuwa na ramani ya mapango ya mji wake, mali ambayo sasa tunaitupa.

Kwa vijana mliopo vyuoni mnasomea uhandisi na jiolojia, pwani hii inawahitaji. Nendeni mkasimame pembeni ya shimo, mkashike jiwe linalotoka, mjaze daftari kwa mkono wenu.

Na wewe msikilizaji unayetaka kununua fleti ghorofani, au unayemkabidhi mtu kiwanja chako cha urithi akijenge kwa ubia: kabla hujaweka saini, omba uonyeshwe ripoti ya uchunguzi wa ardhi. Tazama matundu yalichorongwa mangapi, kama yalichorongwa pale pale nguzo zitakaposimama, na kama yalipita chini ya vitako vya nguzo hizo. Ukiambiwa ripoti haipo kwa sababu hapa ni jiwe tupu, usilipe.